Chama Kidogo na Haki Kubwa

Majuma machache yaliyopita, tulipokuwa Buguruni, si mbali na soko, alitujia fundi seremala mmoja, mtu mzima, mwenye watoto wanne na karakana ndogo ya kutengenezea vitanda na milango. Watu wa mtaa wake wamtaka awe mwenyekiti wao. Ndiye awakusanyaye wakati mifereji inapojaa maji ya mvua; ndiye apatanishaye wapangaji na wenye nyumba; fedha za mazishi huwekwa kwake, na hazijapungua hata shilingi moja. Lakini alipouliza utaratibu wa kugombea, aliambiwa achague kwanza chama. Akatuuliza: "Baba, mimi sina chama, wala sina ugomvi na chama chochote. Je, mtu asiye na chama si raia?"

Siku ile hatukumjibu, maana swali lake si dogo. Limekwisha kufika mbele ya majaji wa nchi hii, na hata mbele ya majaji wa Afrika nzima. Na aliyelifikisha huko hakuwa kiongozi wa chama chenye nguvu. Alikuwa kiongozi wa chama kidogo sana, ambacho wengi walikicheka, na wengine walikiogopa kwa sababu njema.

Basi leo tumeona yafaa tuieleze historia ya chama hicho, na ya kingine kilichokitangulia. Shabaha yetu ni somo moja tu: chama chaweza kukosea katika wito wake, na bado kikawa na haki katika dai lake. Raia mwenye akili hana budi kupambanua moja na jingine, kama mama apepetaye mchele, ambaye hamwagi ungo mzima kwa sababu ya chuya.

ALIYETANGULIA

Historia hii yaanza Tabora, mwezi wa Januari mwaka 1958. TANU ilikuwa na miaka mitatu na nusu tangu izaliwe Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeandaa uchaguzi wa namna ya ajabu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilitakiwa elimu, au kipato, au cheo fulani. Waafrika walikuwa wengi mno kupita wengine wote, lakini viti viligawanywa sawasawa kwa makundi matatu. Haishangazi kwamba wajumbe wengi walifika Tabora na hasira mioyoni, wakitaka uchaguzi ule ususiwe. Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi waingie, kwa hoja kwamba kukaa nje ni kuwaachia wapinzani viti vyote. Mkutano ukakubali, na shauri lile likapewa jina la Uamuzi wa Busara.

Mtu mmoja hakukubali. Ndiye Zuberi Mtemvu, ambaye alikuwa amekitumikia chama kwa bidii. Alitoka, na katika mwaka ule ule wa 1958 akaunda chama chake, African National Congress, yaani ANC. Wito wake ulikuwa mfupi: Afrika kwa Waafrika. Alitaka vyeo vya serikali vikabidhiwe Waafrika pasipo kungoja, na hakupenda kuona watu wa rangi nyingine wakihesabiwa sawa na wenyeji katika kuijenga nchi.

Wananchi walimsikia, wakapima, wakamwacha. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, na ANC haikupata hata kimoja. Na kile kiti kimoja kilichobaki kilikwenda kwa nani? Kilikwenda kwa Herman Sarwatt wa Mbulu, mwanachama wa TANU aliyesimama kwa nafsi yake dhidi ya mgombea aliyeteuliwa na chama chake. Watu wa Mbulu walimtaka yeye, wakampata. Wasomaji wetu waliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Mwezi wa Novemba mwaka 1962, Tanganyika ilipomchagua Rais wake wa kwanza, Mtemvu alisimama peke yake dhidi ya Mwalimu Nyerere. Mwalimu alipata kura 1,127,978. Mtemvu alipata 21,276. Hazifiki hata mbili katika kila mia. Mwaka uliofuata ANC ikawa imekwisha, na Mtemvu akarudi TANU. Kisha Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ikaifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria. Tangu hapo wananchi waliweza kuchagua kati ya watu wawili, lakini wote wawili walipaswa kupitishwa na chama. Mtu wa namna ya Sarwatt wa mwaka 1960 hakuwa na nafasi tena.

Twajifunza nini hapa? Wito wa Mtemvu haukushindwa kwa kuwa ulipigwa marufuku. Ulishindwa kwenye sanduku la kura, mchana kweupe, wananchi walipokuwa na ruhusa ya kuuchagua na wakaukataa. Ushindi wa namna hiyo ndio ushindi wa kweli juu ya neno baya. Sheria ya mwaka 1965 haikuongeza chochote juu yake. Iliwapunguzia raia tu.

MIAKA THELATHINI BAADAYE

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize wananchi kama wataka chama kimoja au vyama vingi. Watu wapatao wanne katika kila watano walisema chama kimoja kiendelee. Walakini tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe. Wachache nao walistahili kusikilizwa, na wengi hata miongoni mwa wale waliotaka chama kimoja walidai mabadiliko makubwa. Basi Bunge likatunga Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992, na milango ikafunguka. Buguruni yenyewe yaikumbuka vizuri enzi hiyo, maana ndiko CUF kilikoweka ofisi yake kuu, na bendera za vyama zikaanza kupepea juu ya vibanda vya kahawa.

Lakini mlango ulikuwa na kizingiti. Chama kilitakiwa kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa wa mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Kilikatazwa kusimama juu ya dini, kabila au rangi, na kilikatazwa kutaka kuuvunja Muungano. Nia ya masharti hayo yaeleweka. Nchi iliyokuwa na amani iliogopa vyama vya makabila na vya madhehebu, kama mtu aliyeona nyumba ya jirani ikiungua.

Mchungaji Christopher Mtikila alikwama kwenye kizingiti hicho kwa kupenda kwake mwenyewe. Chama chake, Democratic Party, yaani DP, kilishikilia kwamba Tanganyika ilipoteza jina na serikali yake katika Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, na kwamba yafaa irudishwe. Kwa hiyo alikataa kwenda kutafuta wanachama Zanzibar. Msajili naye akakataa kukiandikisha chama. Ikawa chama kisicho na cheti, kisichoweza kusimamisha hata diwani, lakini chenye msemaji ambaye jiji zima lilimjua.

Ni haki tuseme kwamba swali la Tanganyika halikuwa la Mtikila peke yake. Mwezi wa Agosti 1993 wabunge 55 wa chama tawala walileta hoja Bungeni ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Bunge likaikubali kabla ya kugeuza shauri mwaka uliofuata. Na miaka ishirini baadaye rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu. Jambo lililoitwa wazimu lilipotoka kwa mchungaji asiye na cheti liliitwa hoja lilipotoka kwa waheshimiwa.

CHUYA KATIKA UNGO

Sasa yatupasa tuseme na lile baya, wala tusilifunike. DP kilikuwa chama cha wazawa. Mtikila alisema kwa ajili ya wale aliowaita walalahoi, na katika hilo alikuwa na masikio mengi Manzese, Kariakoo na Buguruni, mahali ambapo mtu hufanya kazi tangu alfajiri na bado hulala na njaa. Lakini alipotafuta wa kulaumiwa, aliwaonyesha watu jirani zao. Neno "gabacholi", ambalo yeye alilieneza kuliko mtu mwingine yeyote, lilikusudiwa wenye mali wa asili ya Asia na viongozi walioshirikiana nao. Lakini masikioni mwa kijana wa mtaani neno hilo halikumtenganisha mla rushwa na muuza vitambaa asiye na hatia. Mwaka 1993 maneno hayo yalizaa vurugu jijini Dar es Salaam, na watu wa asili ya Asia wakashambuliwa.

Tuwaulize waliorusha mawe: je, bei ya unga ilipungua siku ya pili yake? Je, karani aliyezoea kupokea bahasha aliacha? Mtu wa Kariakoo ajua jinsi soko lifanyavyo kazi. Mwenye duka la jumla, mchuuzi anunuaye kwake kwa mkopo, mchukuzi wa mkokoteni, mama anayewapikia wote hao: mmoja akifunga, wote wafunga. Dhuluma ya mwenye duka ina jina lake, nayo ni dhuluma; iletwe mbele ya sheria, awe amezaliwa ukoo gani na awe na rangi gani. Lakini kumhukumu mtu kwa rangi ni kumwachilia mwizi mwenye rangi yetu na kumfunga mtu mwaminifu mwenye rangi nyingine. Mwalimu Nyerere aliyaona hayo tangu Oktoba 1961, wakati Bunge lilipojadili sheria ya uraia. Wako waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu, naye akasimama kuwapinga kwa ukali, akijua kwamba atakayeanza kubagua hatakosa mtu mwingine wa kumbagua kesho.

Hii ndiyo chuya. Lakini sasa tuutazame mchele.

KESI YA MGOMBEA BINAFSI

Mtikila, akiwa hana chama kilichoandikishwa, alijikuta hawezi kugombea cheo chochote. Akaenda mahakamani. Kesi yake, namba 5 ya mwaka 1993, ilisikilizwa katika Mahakama Kuu ya Dodoma na Jaji Kahwa Lugakingira. Dai lake lilikuwa rahisi hata mtoto alielewe. Katiba yampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Katiba hiyo hiyo yakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Yawezekanaje, basi, raia aambiwe kwamba hatashiriki mpaka ajiunge?

Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Lugakingira alitoa hukumu. Alikubali kwamba raia aweza kugombea bila chama. Hukumu hiyo ilikataa pia sharti la kuomba kibali cha polisi kabla ya kufanya mkutano wa hadhara, na kila chama, kikubwa kwa kidogo, kilinufaika na neno hilo. Lakini kabla hukumu haijasomwa, muswada wa kubadili Katiba ulikwisha kupelekwa Bungeni katika mwezi ule ule. Ulipopita, Katiba yenyewe ikasema wazi kwamba mgombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Alichopewa raia na mkono wa mahakama kilitwaliwa na mkono wa Bunge.

Mtikila hakuchoka. Mwaka 2002 DP kilikubali masharti na kuandikishwa. Mwaka 2005 aligombea urais, mmoja kati ya wagombea kumi, akapata kura 31,083. Hazifiki hata tatu katika kila elfu. Yaani hata Mtemvu alimzidi. Mwingine angekwenda nyumbani akalala. Zaidi ya hayo, yeye sasa alikuwa na chama chenye cheti, na haki ya mgombea binafsi haikumhusu tena kama zamani. Lakini mwaka ule ule alifungua kesi mpya, na tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Dar es Salaam walimpa haki kwa mara ya pili.

Serikali ikakata rufani. Tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani waliitengua hukumu ile, wakisema kwamba jambo hili ni la siasa, na mwenye kuliamua ni Bunge na wananchi wenyewe, wala si mahakama. Mtikila akachukua njia ya Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake kwa kuwazuia wasio na chama, ikaitaka irekebishe Katiba na sheria zake.

Hayakurekebishwa. Mtikila alifariki katika ajali ya gari huko Msolwa, mkoani Pwani, tarehe 4 Oktoba 2015, zikiwa zimebaki wiki tatu tu kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi ule, na ule wa mwaka 2020, ulifanyika bila mgombea binafsi hata mmoja. Na mwezi wa Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kumruhusu raia aende mwenyewe moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo, ambayo kikao chake ki ndani ya nchi yetu.

HOJA ZA WANAOKATAA

Hatupendi kuwaonea wenye mawazo tofauti. Wanaokataa mgombea binafsi wana hoja, na twazitaja tatu.

Kwanza, wasema kwamba asiye na chama ataletwa na kabila lake, au dini yake, au fedha zake. Hatari hiyo ipo. Lakini je, chama chaiondoa? Kila aliyeona kura za maoni ajua kwamba fedha na ukoo huingia kwa mlango wa chama pia. Dawa ni sheria: atakiwe saini za wapiga kura kutoka sehemu mbalimbali, naye akatazwe uchochezi kama chama kikatazwavyo.

Pili, wasema kwamba wagombea watakuwa wengi kupita kiasi. Tumekwisha kuona wagombea urais kumi mwaka 2005, wote wenye vyama, na nchi haikuanguka.

Tatu, wasema kwamba mtu peke yake hawezi kutawala, maana hana wa kumsaidia wala wa kumwonya. Hoja hii ndiyo nzito, nasi twaikubali kwa sehemu. Kuongoza nchi kwataka watu wengi wenye shauri moja, na chama kizuri ni shule ya shauri hilo. Tena DP chenyewe ni ushahidi: kilikuwa chama cha mtu mmoja, kikinguruma aliponguruma, na kilipungukiwa sauti alipozikwa. Hakikuwahi kumpeleka Bungeni mbunge hata mmoja katika uhai wake. Lakini mwenyekiti wa mtaa atakaye kuzibua mfereji wa Buguruni hahitaji ilani ya nchi nzima. Na hata katika vyeo vikubwa, mwenye kuamua kama mtu apungukiwa ni mpiga kura. Watu wa Mbulu waliamua wenyewe mwaka 1960, wala hakuna aliyesema kwamba uhuru umechelewa kwa ajili yao.

NENO LA MWISHO

Twarudi kwa fundi wetu. Ndugu, sasa twakujibu. Wewe ni raia kamili, na swali lako ni la haki. Majaji waliliona hivyo mwaka 1994, na 2006, na 2013. Ila sheria ya nchi bado haijakufungulia mlango, nasi hatukushauri uiruke kama mwizi arukavyo ukuta. Waweza kujiunga na chama ukibaki mtu yule yule mwenye fedha za mazishi zisizopungua. Waweza pia kukaa bila chama, ukidai kwa amani sheria ibadilishwe, na ukiendelea kuzibua mifereji, maana kazi hiyo haina kadi.

Na wewe msomaji, usimcheke mtu kwa kuwa kura zake ni chache, wala usimfuate kwa kuwa sauti yake ni kubwa. Msikilize, kisha upepete. Lipi ni chuki? Limwage. Lipi ni haki? Lihifadhi, hata kama mkono uliokuletea haukuwa safi. Mtikila alitaka kuwatoa wengine katika nyumba hii. Huo ulikuwa upotovu, na wananchi hawakuufuata. Lakini alidai pia kwamba mlango wa nyumba usifungwe mbele ya mwenye nyumba. Dai hilo ni letu sote, naye mwenyewe hayupo tena wa kulidai.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi:

1. Je, katika mtaa wenu yuko mtu afaaye kuongoza ambaye hana chama? Mngependa sheria imtake nini kabla hajagombea?

2. Kwa nini wito wa Mtemvu ulikataliwa na wapiga kura mwaka 1962? Kushindwa kwa kura na kunyamazishwa kwa sheria vyatofautianaje?

3. Ni maneno gani yatumikayo sokoni na barabarani leo ambayo humhukumu mtu kwa asili yake? Nani aanze kuyaacha?

4. Mahakama ikisema hivi na Bunge likasema vile, raia wa kawaida afanye nini?